Elektroni iko, ipo au imo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma fizikia chuo kikuu, mwaka wa tatu, na likizo hii nipo nyumbani Ujiji. Muhula uliopita tulisoma mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo mno kama elektroni, kwa Kiingereza. Sasa naandika muhtasari wangu kwa Kiswahili, nijipime kama kweli nimeelewa. Niliandika: "Kabla ya kupimwa, elektroni haipo mahali fulani." Kaka yangu, mwalimu wa Kiswahili sekondari, aliposoma akasema mtu ataelewa kwamba elektroni haipo kabisa duniani, niandike "haiko". Rafiki yangu anasema yote ni mamoja. Nani yuko sahihi? Na je, somo lenyewe tuliite "umakanika wa kwanta"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko mengi niliyoletewa mwaka huu, kwa sababu umeanza kufanya kile ambacho wengi hawathubutu: kulichukua somo gumu ukalieleze kwa lugha ya nyumbani.

Kaka yako ameona kosa la kweli. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali. PO ni ya mahali dhahiri, panapojulikana. KO ni ya mahali pasipo dhahiri au pa mbali. MO ni ya ndani. Waha wenzetu hawana shida kulielewa hili, maana Kiha nacho kina ha, ku na mu zake. Ila PO ina kazi ya ziada: peke yake, bila kutajiwa mahali, hueleza kuwepo. "Mungu yupo." "Dawa hazipo." Ndiyo maana "elektroni haipo" inamtikisa msomaji kabla hajafika kwenye "mahali fulani". Amekwisha kusikia kwamba hakuna elektroni.

Rafiki yako naye hajakosea sana kuhusu mazungumzo ya kila siku. Huku Bara tumeiachia PO ifanye kazi zote: "Baba yupo?" "Hayupo, ameenda sokoni." Kenya mambo ni kinyume, KO ndiyo imetawala. Tunaelewana na maisha yanaendelea. Lakini somo lako zima linauliza kitu kiko wapi, na tuna haki gani ya kusema kiko hapo. Mwenye kazi ya namna hiyo hawezi kuviacha viambishi vitatu vichanganyike.

Nenda Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, alfajiri, usiku wa giza ukiisha na maboti yanarudi na taa zake. Mama mwenye beseni anamwuliza mvuvi, "Dagaa wapo?" Haulizi kama ziwani bado kuna dagaa. Anauliza kama wapo hapa, ndani ya boti hili, awaone. Sasa rudi nyuma hadi jioni ya jana, kabla taa hazijawashwa. Mvuvi yuleyule alijua dagaa wamo ziwani, wala hilo halikumpa shaka, lakini swali lake lilikuwa "wako upande gani?" Wamo, wako, wapo: usiku mmoja umepita katika viambishi vitatu, na kila kimoja kimeeleza kiasi tofauti cha ujuzi.

Hapa ndipo ninapomwongezea kaka yako neno, kwa sababu "haiko" nayo haitoshi. Dagaa wa jioni ile walikuwa mahali fulani hasa. Mvuvi ndiye aliyekuwa hajui. Mafundisho ya kawaida ya kwanta yanasema jambo jingine: kabla ya kupimwa, elektroni haina mahali pamoja palipokwisha kuwekwa ambapo sisi tumeshindwa kupaona. Mfano wa ziwani unakufikisha hadi hapo, kisha unakupotosha. KO inafunika mahali tusipopajua. Mahali pasipobainika penyewe panahitaji kitenzi chake.

Na kitenzi tunacho. Linganisha maneno haya: "haijulikani", "haijabainika", "haibainiki". La kwanza linaweka upungufu kwetu sisi wenye kujua. La pili, kwa ile -ja-, linaahidi kwamba jibu lipo njiani, kama polisi wanaposema chanzo cha moto hakijabainika. La tatu halitoi ahadi. Kile kiambishi -ik- kinaeleza kama jambo lina uwezo wa kufanyika au halina, kama tunavyosema mlango haufunguki au maji haya hayanyweki. "Mahali pake hapabainiki" maana yake si uzembe wa mpimaji. Mahali penyewe hapakubali kubainishwa.

Tofauti hii ya viambishi ndiyo iliyowagawanya wakubwa wa fani yako. Mwaka 1935 Einstein na wenzake wawili, Podolsky na Rosen, walidai maelezo ya kwanta hayajakamilika. Kwa Kiswahili tungesema Einstein alishikilia "hapajabainika", na mwanafizikia mwenzake Niels Bohr akajibu "hapabainiki". Mwaka 1964 John Bell akaonyesha namna ya kulipeleka suala hilo maabara. Aspect, Clauser na Zeilinger walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022 kwa majaribio ya fotoni, yaani chembe za mwanga, yaliyolikataa wazo kwamba kila chembe hubeba majibu yake yote tayari, bila kuguswa na linalofanyika mbali nayo. Mabishano ya tafsiri yangaliko. Lakini ukiandika "haijulikani" katika muhtasari wako umekwisha kuchagua upande, na ni vizuri uchague kwa kujua.

Tuyajaribu haya kwenye hesabu ambayo naamini ulikutana nayo mapema katika somo hilo: elektroni moja ndani ya kisanduku cha mstari mmoja chenye kuta zisizopenyeka. Hapa MO inatawala, kwa kuwa uwezekano wa kuikuta nje ni sifuri. Elektroni imo. Ikiwa katika ngazi ya chini kabisa ya nishati, haijatapakaa sawasawa: ukigawanya kisanduku mafungu matatu yaliyo sawa, katika vipimo 100 vya visanduku vilivyoandaliwa namna moja utaikuta fungu la katikati mara zipatazo 61. Kwa hiyo unaruhusiwa kuandika "yaweza kukutwa momote kisandukuni". Chagua "momote", usichague "popote", kwa sababu "popote" inamtoa msomaji nje ya kuta. Ni neno zuri lililoanza kusahaulika, na somo lako linaweza kulirudisha. Ipandishe ngazi ya pili, nishati inakuwa mara 4, na katikati kabisa uwezekano unashuka hadi sifuri. Hapo andika "momote isipokuwa katikati".

Nimetumia "uwezekano", nawe uushike. Nimeona wanafunzi wakiandika "uwezo wa elektroni kuwa hapa", kana kwamba elektroni ina nguvu au kipaji. Max Born, aliyeifasiri hesabu hii mwaka 1926, alizungumzia uwezekano wa kukuta.

Utasikia pia watu wakisema "elektroni iko mahali pawili kwa wakati mmoja". Kisarufi sina neno, upatanisho wa pa- umekaa sawa. Kifizikia usiikubali. Hakuna aliyepima elektroni moja akaikuta pawili.

Sentensi yako basi mimi ningeiandika hivi: "Kabla ya kupimwa, elektroni imo kisandukuni, lakini mahali pake humo hapabainiki; inapopimwa, ipo pale ilipokutwa." Itazame ile PO mwishoni. Katika "inapopimwa" inataja wakati, katika "ipo" na "ilipokutwa" inataja mahali. Kiswahili kimetumia sauti moja kwa lini na wapi, na katika tendo la kupima vyote viwili vinatokea pamoja. Sikuipanga mimi, ilikuwemo katika lugha.

Kuhusu jina, "umakanika" mimi siupendi. Makanika ni fundi wa magari, na umakanika ni kazi yake. Ukimwambia mama yako Ujiji kwamba umefaulu umakanika wa kwanta, atakuuliza gereji iko wapi. Andika "mekanika ya kwanta" kama ulivyoandika swalini, au "fizikia ya kwanta" unapozungumza na wasio wa fani. "Kwanta" iweke ngeli ya I-ZI: kwanta hii, kwanta hizi.

Na ile kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927, kwamba mahali pa chembe na mwendo wake haviwezi kubainika kikamilifu kwa pamoja, ambayo wengi huiita "kanuni ya kutokuwa na hakika", ipitie upya kwa haya niliyokueleza kuhusu -ik-. Asiye na hakika ni mtu. Jaribu "kanuni ya kutobainika", umsomee kaka yako, kisha uniandikie amesemaje.