Kope nyeupe hazingoji lusina

Wadogo zangu, mvua zimeanza, na tunaona yaleyale: kondoo mwenye minyoo kajilaza, kavimba chini ya taya, na mbele yake kamwagiwa rundo la majani ya mti wa lusina badala ya dawa. Tusikilizane.

1. Majani ni chakula. Lusina na kaliandra, miti ya malisho, zina protini, na kondoo aliyeipata ya kutosha huvumilia minyoo vizuri zaidi. Tanini iliyomo, ile kemikali ya ukakasi, inaweza kupunguza mayai yanayotoka na kinyesi, lakini hiyo ni faida ya malishoni baadaye, si ya mgonjwa wa leo. Sasa pigeni hesabu ya Haemonchus, mnyoo wa tumbo la nne. Mmoja hunyonya takribani mililita 0.05 za damu kwa siku. Minyoo 1,000 ni mililita 50. Kondoo wa kilo 30 ana damu kama lita 2 tu. Halafu kijana anafunua kope la chini, anakuta namba 4 kwenye kadi ya FAMACHA (kadi ya rangi za ndani ya kope: 1 ni nyekundu, 5 ni nyeupe ya kukosa damu), na anasema, "Tumpe majani wiki mbili tuone." Kondoo anaendelea kula, kwa hiyo moyo unatulia. Haharishi, kwa sababu mnyoo huyu peke yake kwa kawaida haleti kuhara. Siku moja anaswagwa kwenda majini, anaanguka njiani, na hainuki tena. Inauma, maana alikuwa wa kupona. Namba 4 na 5 hunyweshwa dawa ya minyoo siku hiyohiyo, kwa uzito wa mizani, si wa macho. Mwanakondoo msimngoje: namba 3 inatosha.

2. Kipimo cha lusina. Kondoo huyo wa kilo 30 hula karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku. Lusina isizidi asilimia 30, yaani gramu 300, sawa na kilo moja hivi ya majani mabichi. Anzeni na konzi moja, mwongeze kwa siku 7 hadi 10. Ikizidi kwa muda mrefu, mimosini, sumu iliyomo kwenye lusina, hunyonyoa manyoya na kuvimbisha tezi ya shingo. Uvimbe huo uko kooni na hudai lusina ipunguzwe. Ule wa chini ya taya ni maji ya upungufu wa damu, nao hudai dawa.

3. Kausheni majani kivulini, mgeuzegeuze yasiote ukungu.

4. Pimeni mayai kwenye kinyesi siku ya dawa na siku ya 14. Yasipopungua kwa asilimia 95, shukuni usugu wa minyoo kwa dawa. Katikati hapo msibadilishe majani, mtashindwa kujua kilichopunguza mayai. Na wenye kondoo aina ya Dorper, masika hii fungueni kope kila wiki mbili. Msijilinganishe na jirani mwenye kondoo wekundu wa Kimaasai, wale wana ukinzani wa minyoo wa kuzaliwa nao.