Goti la bandia: maswali yenu

*Shikamoo daktari. Mama amewekewa goti la bandia miezi minne iliyopita. Maumivu ya zamani yameisha, ila akipanda ngazi linalia "tak, tak". Limelegea?*

Marahaba. Mlio peke yake ni wa kawaida. Ncha ya mfupa wa paja imevikwa chuma, na chini yake kuna plastiki ngumu badala ya gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa. Misuli ya paja ikiwa bado dhaifu, viwili hivyo huachana kidogo na kugongana. Mazoezi hupunguza mlio. Ukiandamana na maumivu, uvimbe mpya au goti kumwachia, mrudisheni kwa daktari wa mifupa haraka.

*Ngozi ya pembeni mwa kovu imekufa ganzi.*

Vijineva vya ngozi hukatwa wakati wa kupasua. Ganzi hupungua polepole, pengine isiishe yote, lakini haizuii kutembea.

*Nitaweza kusujudu na kuchuchumaa chooni?*

Laiti kila mgonjwa angeuliza hili kabla ya upasuaji! Kwa wengi goti jipya hukunjika nyuzi 110 hadi 120. Kwa kukaa kitini nyuzi 90 hivi zinatosha, lakini kuchuchumaa hadi chini, au kukalia miguu kwenye tahiyatu, kunadai zaidi ya hizo 120. Kupiga goti si mwiko kovu likishapona na daktari akiruhusu. Jaribu kwanza juu ya godoro, kisha juu ya mto sakafuni. Wengi hawaumii, ila wanasema goti linakuwa kama si lao, na hatimaye husali kitini, jambo ambalo dini imemruhusu asiyeweza. Choo cha kukaa kiwe tayari nyumbani kabla hujalazwa. Usingoje kurudi na magongo.

*Je, kuna siku nitasahau kwamba ni la bandia?*

Kwenye tambarare, wengi husahau. Kushuka ngazi na kugeuka ghafla ndiko kunakokumbusha, kwa sababu ukano wa mbele ndani ya goti, unaosaidia ubongo kujua mguu umekaaje, kwa kawaida huondolewa goti zima linapobadilishwa. Joto na uvimbe huweza kudumu miezi mingi, kwa hiyo usilihukumu kabla ya mwaka. Hata hivyo karibu mtu mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatia sahihi.

*Uwanja wa ndege litaliza kengele?*

Huenda. Mwambie mkaguzi mapema.