Maiki mbili zikikaa pamoja, sauti inakonda

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ndiye kijana wa mitambo wa kwaya yetu hapa Morogoro. Nyaya za maiki tulizokuwa tunanunua zilikuwa zinakufa kila baada ya miezi michache, basi nikanunua waya wa mita 30 na jeki za XLR (zile za maiki zenye pini tatu), nikatengeneza mwenyewe nyaya tatu za mita 10. Wa kwanza hauna shida. Wa pili ukiwa peke yake ni mzima, ila nikiutumia pamoja na wa kwanza mbele ya kina dada wa sauti ya kwanza, sauti inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye simu. Wa tatu unaunguruma, na ile maiki yetu ya kondensa haiitiki kabisa kwenye waya huo, ingawa nimewasha umeme wa volti 48 kwenye miksa. Nimekosea wapi? Halafu, naweza kuweka jeki kubwa ya gitaa upande mmoja ili nichomeke kwenye amplifaya ya zamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyaya tatu kwa mara ya kwanza na mmoja mzima, si haba.

Tuanze na wa tatu, huo umeshajieleza wenyewe. Ndani ya waya wa maiki mna nyuzi mbili zenye ganda la rangi, na wavu wa shaba uliozizunguka. Wavu unakwenda pini 1. Ule umeme wa volti 48 hupanda kwa pini 2 na 3 kwa pamoja, kisha hurudi kwa wavu. Wavu ukikatika, kondensa haina njia ya kurudishia umeme, inakaa kimya. Maiki ya kawaida haihitaji umeme huo, kwa hiyo itaendelea kuimba, ila haina kinga tena na inaokota muungurumo wa umeme wa jengo zima. Fungua jeki zote mbili uangalie pini 1. Nadhani kile kibanio cha nyuma hukukikaza juu ya ganda la nje la waya, mtu akauvuta, wavu ukachomoka.

Huo wa pili sasa. Huo uliwahi kunivua nguo mbele za watu.

Ilikuwa harusi, Tanga. Mwimbaji ana maiki yake, na waitikiaji wawili wanagawana nyingine hatua moja pembeni yake. Kila maiki nikiijaribu peke yake, safi. Wakianza wote, besi inatoweka. Nikabadilisha spika. Nikaitukana amplifaya. Karibu nifungue miksa, watu wanakula pilau wananitazama. Kumbe waya mmoja, nilioutengeneza mwenyewe usiku wa jana yake, pini 2 na 3 zilikuwa zimebadilishana upande mmoja.

Sauti ikisukuma maiki, uzi wa pini 2 unapanda na wa pini 3 unashuka. Ukizigeuza upande mmoja tu, waya huo unavuta pale mwenzake anaposukuma, na vikikutana kwenye miksa vinafutana. Sauti nzito ndiyo inayofutika zaidi, maana mawimbi yake ni marefu na yanafika kwenye maiki mbili zilizo karibu kama kwa pamoja. Waya wa namna hiyo ukiwa peke yake, sikio halitakwambia kitu. Hata kondensa itawaka, kwa sababu pini zote mbili zina volti zilezile. Ndiyo maana ukapita majaribio yako yote.

Ulikosea kwa sababu uliangalia mkao badala ya namba. Jeki dume na jeki jike zinatazamana, kwa hiyo mpangilio wa pini hugeuka kama sura kwenye kioo. Chukua tochi: namba 1, 2 na 3 zimechapwa kwenye plastiki, ndogo sana, na upande wa kuchomelea pia zipo. Chagua rangi moja iwe ya pini 2 na usiibadilishe tena maisha yako yote. Kuna mitambo ya zamani iliyosukuma kwa pini 3, kabla ya AES14, kiwango cha wahandisi wa sauti cha mwaka 1992, kuamua kuwa ni pini 2, lakini waya wako hilo haliuhusu: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3.

Ukimaliza, pima kwa multimita (kipimo cha umeme) ukiiweka kwenye mlio, ule unaolia njia ikiwa imeungana, waya ukiwa haujachomekwa popote. Namba kwa namba ilie. Namba kwa jirani yake isilie. Na uutikise waya huku unapima, maana risasi ya kuchomelea iliyoganda bila kushika hulia vizuri ikiwa imetulia. Dawa yake ni kupasha moto pini na uzi, si kudondosha risasi iliyoyeyuka juu yao.

Kuhusu jeki ya gitaa: inawezekana. Pini 2 iende kwenye ncha, pini 1 na 3 ziunganishwe pamoja ziende kwenye shina. Ila waya huo uwe mfupi, mita 3 hivi, maana ukishafanya hivyo ile hila ya nyuzi mbili kufuta kelele haipo tena. Na usiuchomeke kwenye miksa iliyowashwa volti 48, maana pini 3 imeshafungwa kwenye wavu. Ufunge utepe mwekundu ili mwenzako asije akauokota gizani.

Jambo la mwisho, utanicheka. Kabla hujawasha chuma cha kuchomelea, pitisha mkia wa jeki, kile kifuniko chake cha nyuma, kwenye waya kwanza. Juzi tu nimechomelea pini tatu zinang'aa kama fedha, nikageuka, mkia uko mezani unanitazama.