Hujachelewa kujifunza densi ya tumbo

Dada, umeuliza kama miaka 43 na tumbo lililolegea baada ya kuzaa vinakuzuia kucheza densi ya tumbo. Havikuzuii. Jina lenyewe linapotosha. Wamisri huiita raqs sharqi, yaani densi ya mashariki, na kazi kubwa ni ya nyonga. Kunja magoti kidogo, tuliza mabega, kisha chora namba nane kwa nyonga, polepole. Mwanzoni mwili mzima utatikisika kwa pamoja (mimi nilicheka hadi nikakaa chini), halafu siku moja nyonga zinakwenda zenyewe, kifua kimetulia tuli. Raha yake we acha tu! Funga mtandio wenye vijisarafu kiunoni, mlio wake utakuumbua ukiachana na mdundo. Mgongo ukiuma, pumzika: huenda unabinua kiuno kupita kiasi.