Mtoto njiti kifuani: yale niliyojifunza wodini Malindi

Mwanangu alizaliwa kwa wiki 31, gramu 1,400. Nilimwona mara moja tu, kisha manesi wakaenda naye chumba cha watoto njiti. Mimi nikarudishwa wodini, kati ya wenzangu wenye watoto ubavuni. Kama ndiko uliko usiku huu, dada yangu, nakuandikia wewe.

Anza kukamua maziwa siku hiyo hiyo, hata yakiwa matone. Nesi alivuta dang'a langu, yale maziwa ya mwanzo, kwa bomba la sindano, likapitishwa kwenye mrija wa puani. Nilikamua kwa mkono kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Siku ya nne hayakujaa hata kijiko na nilitaka kuacha. Nashukuru nilizuiwa, kwa sababu maziwa huja kwa kukamuliwa.

Siku ya tano uzito ulishuka hadi gramu 1,290. Nililia pale pale kwenye mizani. Kumbe watoto wachanga karibu wote hupungua siku za mwanzo, na njiti hukawia zaidi kuurudia uzito wake. Tangu hapo nikawa nauliza kila asubuhi: anapumuaje, amepewa mililita ngapi, leo anapimwa nini? Nikaandika daftarini, maana kwa uchovu ule unaambiwa jambo na baada ya dakika tano limekutoka.

Jambo ninalolijutia ni kuchelewa kuanza kangaruu. Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi, akawekwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi, ukamfunga kwa leso. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, inkubeta, mashine za kuwatia joto watoto njiti, zilipokuwa haba. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi sana. Mimi nilingoja hadi siku ya tisa kwa kuogopa kuuliza. Wewe uliza leo. Nilipompata kifuani, pumzi yake ilitulia, na yangu pia. Baba naye anaweza. Mume wangu alivua shati akakaa naye mchana kutwa.

Nyumbani kuna mengine. Mavyaa wangu alitaka mtoto alambishwe asali. Asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Sikubishana naye, nilimbusu mkono, nikamwomba aniletee uji wa pilipili manga kila alfajiri, na hakukosa hata siku moja. Simu za jamaa nilimwachia dada yangu azijibu. Siku ya saba ilipita bila akika, kuchinja kwa ajili ya mtoto, na sheikh akatutuliza kwamba siku ya kumi na nne au ya ishirini na moja pia inafaa.

Adhana hatukuingoja. Mume wangu alinawa mikono hadi viwikoni, akainama kwenye kidirisha cha inkubeta, akamuadhinia mwanawe kwa sauti ya chini, na nesi akasimama kando mpaka alipomaliza.