Kuchonga menifoldi ya hewa: niondoe chuma kiasi gani?

SWALI: Mafundi, habari za kazi? Nina Corolla ya injini 4A-FE, inachoka kwenye milima ya Kabale. Nimeshauriwa niitanue menifoldi ya hewa (bomba lenye matawi linalopeleka hewa kwenye silinda) na kuing'arisha kama kioo. Nifanye hivyo? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Kuing'arisha, hapana. Msasa namba 80 unatosha. Ukuta wenye ukwaruukwaru kidogo husaidia petroli kuchanganyika na hewa. Kwanza badilisha filta ya hewa, maana vumbi letu jekundu huiziba upesi. Kumbuka pia hewa ya Kabale ni nyepesi: kwenye mita 2,000 injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa kwenye injini) hupoteza takriban asilimia 20 ya nguvu, na hakuna tupa itakayoirudisha yote.

Kazi yenye faida ni kulinganisha matundu ya menifoldi na ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Weka gasketi mpya (ile ya kuziba kati ya menifoldi na hedi) juu ya menifoldi, chora ukingo wake, kisha chonga hadi mstarini, ukiingia ndani milimita 20 hivi kwa mteremko laini. Tundu la menifoldi lisizidi lile la hedi, kwani hewa itagonga ukingo wa hedi uliojitokeza kama ngazi. Chonga taratibu, aluminiamu ikitoboka, hasara ni yako.

Ivue kabisa kabla ya kuchonga, kisha ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Chembe moja ikiingia kwenye silinda huikwaruza. Kaza bolti kuanzia katikati, kwa awamu mbili. Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikipanda na kushuka, hewa inavuja kwenye gasketi.

Tofauti utaisikia juu ya mizunguko 4,000 kwa dakika, nayo ni ndogo.