Bisi za Iliki kwa Idd: Usikubali Wakuambie ni Chakula cha Watoto

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii. Idd inakaribia, ndugu wa mume watajaa nyumbani, hela ya keki hakuna. Je, akiandaa bisi tamu atachekwa? Dada yangu, umenitonesha kidonda.

Mimi na bisi ni wa zamani, na nimesemwa sana. Idd yangu ya kwanza ukweni nilipeleka beseni la bisi za sukari. Wifi yangu mmoja akalifunua, akalifunika, akalisukuma uani kwa watoto. "Hizi si za stendi?" akasema mbele ya wageni. Nilinyamaza, nikaenda kuosha vyombo. Sijasahau, na sitadanganya kwamba nimesahau. Lakini Idd iliyopita sinia langu liliisha kabla ya kaimati, na wifi huyohuyo akanivuta jikoni kuniuliza nimetia nini.

Nimetia iliki. Ila anza na mahindi: yawe ya bisi yenyewe, yale madogo magumu, maana ya ugali hayapasuki vizuri. Kila punje ina maji kidogo ndani. Yakishika moto yanakuwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea punje inapasuka, kwenye nyuzi joto 180 hivi. Mahindi yaliyokaukia dukani yatakuachia mbegu tele. Nusu kikombe, mafuta vijiko 3 vya chakula, moto wa wastani, mfuniko uuache wazi kidogo ili bisi zisilegee kwa mvuke. Milio ikianza kuachana, epua, kisha chambua zilizogoma ili wazee wasivunje meno.

Sukari ndiyo kazi. Robo tatu ya kikombe, siagi vijiko 4 vya chakula, maji vijiko 2, moto mdogo, na usibanduke hapo. Kwanza inatoa povu jepesi, kisha povu linakuwa zito, weupe unapotea na rangi ya asali inaingia. Epua papo hapo, tia chumvi kidogo na iliki iliyotwangwa muda huohuo. Ukiitia mapema harufu yote inaishia hewani. Mwagia bisi, geuza upesi kwa miko miwili. Watoto wakae mbali, sukari ya moto inang'ang'ania ngozi na inaunguza vibaya. Tandaza kwenye sinia lililopakwa siagi, uziachanishe kabla hazijashikana.

Sisi wa pwani hewa yetu ina unyevu na sukari inaunyonya. Zikipoa tu, tia kwenye kopo linalobana. Ukizipika usiku wa kuamkia Idd, asubuhi bado zinalia mdomoni.

Sasa nisikilizeni, wanawake wenzangu. Tunakopa kwenye vikoba kwa ajili ya keki ya siku moja, halafu miezi tunalipa deni, na waliokula hata hawakumbuki. Kwa nini? Ulicho nacho kipike kwa heshima. Usiingie mlangoni unaomba radhi eti "nimeleta bisi tu". Ukijishusha wewe, wao watakushusha zaidi. Wala usimpe mtoto azipeleke sebuleni. Tandika kitambaa safi kwenye sinia, tembeza kwa mkono wako mwenyewe, na uanze na mama mkwe.